Dawa za mikwaruzo ya gari: zinazokata na zinazoziba tu

Bajaji ilinipitia ubavuni pale Mwenge, foleni ya saa kumi na mbili jioni, ikaniachia mistari mitatu kwenye mlango wa nyuma wa Spacio yangu nyeusi. Dereva akatoa kichwa, akasema "samahani mama," akapenya akaenda zake.

Jumamosi yake nikaenda Kariakoo. Muuzaji alinifuata hadi nje kwenye gari, akaminya dawa kidogo kwenye sponji, akasugua mstari mmoja, akafuta. Mstari haupo. "Umeona sista? Hiyo kitu ya Ujerumani." Nikatoa shilingi 35,000, hata bei sikuomba apunguze. Nyumbani nikamalizia miwili iliyobaki, nikampigia dada yangu simu kujisifu. Gari lilipooshwa mara ya kwanza nikaona kama kivuli. Lilipooshwa mara ya pili mistari yote mitatu ilikuwa imerudi mahali pake.

Nikaenda kumlilia fundi rangi wa mtaani kwetu. Hata hakunyanyuka kwenye benchi. "Dada, hiyo hukutibu. Umepaka losheni."

Na ndivyo ilivyo. Goti likipauka ukalipaka mafuta ya mgando, linang'aa. Ukioga linapauka tena. Mkwaruzo mwepesi ni mfereji mdogo kwenye klia, ile rangi isiyo na rangi inayokaa juu kabisa. Kingo za huo mfereji zinatawanya mwanga, ndiyo maana unauona mweupe kwenye gari jeusi. Ukiujaza mafuta, nta au silikoni, mwanga unapita kama kawaida na jicho halioni kitu. Maji yenyewe yanafanya hivyo: mwagia mlango uliokwaruzika, mistari inapotea, ukauke, inarudi. (Ndiyo maana mimi gari la mkononi silikagui likiwa limetoka kuoshwa. Kuna yadi zinaosha magari asubuhi mpaka unajiuliza wateja wanakuja kununua gari au kuogelea.)

Kwa hiyo sitawachosha na ujazo wa chupa wala harufu. Swali langu dukani siku hizi ni moja tu: hii inakata au inaziba? Dawa inayokata ina chembe za kusugua zinazoshusha klia kidogo sana kandokando ya mkwaruzo mpaka pawe sawa, mfereji usiwepo tena. Inayoziba inauacha mfereji ulivyo na kuufunika. Nyingi zina vyote viwili, na hapo ndipo tunapopigwa, kwa sababu muuzaji anakuonyesha kazi ya mafuta halafu anakuuzia kwa bei ya kukata.

Namna ya kuzikamata ni rahisi. Nunua spiriti ya isopropili ya asilimia 70 duka la dawa. Sugua dawa yako, futa, halafu pitisha kitambaa laini chenye hiyo spiriti mara mbili tatu, kisha mulika kwa tochi ya simu kwa upande, usimulike moja kwa moja. Mafuta yote yanaondoka, unabaki na ukweli. Nilichukua kwenye gereji kifuniko cha mdomo wa tangi la mafuta cha gari lililopata ajali, cheusi kama langu, nikakikwaruza kidogo kwa sponji ya kusugulia sufuria, nikakigawa miraba minne kwa selotepu ya karatasi. Kila mraba dawa yake. Mraba wa ile ya elfu 35 ulipong'aa nikaucheka kabla sijagusa spiriti. Baada ya spiriti ilikuwa kama sijaweka kitu.

Ya kwanza kwangu, na sifichi kwamba naipendelea, ni Meguiar's Ultimate Compound. Hii ni kampuni ya Marekani iliyoanza 1901 ikitengeneza polishi ya fanicha, na ukishaitumia unaelewa: unasugua kama anayeng'arisha meza ya mkwewe, taratibu, na kitu kinaisha kweli. Mraba wake ulipita spiriti mara tatu haukubadilika. Chupa ni ya mililita 450, na mlango mmoja unatumia kama kijiko cha chai, kwa hiyo hata bei ikikuuma unakaa nayo miaka. Ndugu yake ScratchX ni tyubu ndogo, mpole zaidi, nzuri kwa alama za kucha kwenye vishikio vya milango (wanawake wenzangu wenye kucha ndefu mnanielewa). Ukiwa na shemeji Dubai au Muscat, mwagize hizo kabla hujaagiza manukato.

Ya pili ni Soft99 ya Japani, seti ya vichupa vitatu vyenye namba 3000, 7500 na 9800. Namba ikipanda, chembe zinakuwa laini zaidi. Naipenda kwa sababu inakulazimisha uwe na adabu: unaanza na ya kukata, unamaliza na ya kung'arisha, hurukii. Kwa gari jeusi hatua ya mwisho ndiyo inayoondoa ukungu. Ningeiweka ya kwanza, ila vichupa ni vidogo na maandishi mengi ni ya Kijapani.

Ya tatu Quixx, hii kweli ya Kijerumani. Inakuja na tyubu mbili na vipande vya msasa laini. Inakata, hilo halina ubishi, lakini ule msasa kwenye mkono wa mtu mwenye hasira na bajaji ni hatari. Klia yote ni nyembamba kuliko unywele wako mmoja. Ukiitoboa, jua la Dar litamalizia: angalia mapaa ya magari ya zamani yalivyobabuka mabaka meupe. Msasa weka kando, tumia tyubu.

Nta za rangi, zile unazochagua nyeusi kwa gari jeusi na nyekundu kwa jekundu, zimetengenezwa kuziba na nyingine zinasema hivyo zenyewe kwenye chupa. Sina ugomvi nazo. Gari likiwa kuukuu na klia imechoka, kuziba ni busara kuliko kukata. Ujue tu kwamba utarudia kila baada ya wiki kadhaa.

Dawa ya meno inakata kidogo, inaacha ukungu, na gari linanuka mnanaa. Zile tyubu za elfu 5 za kwenye foleni, hapana.

Kabla ya dawa yoyote, pitisha kucha. Ikikwama kwenye mkwaruzo, funga tyubu, nenda kwa fundi. Na kama alama ni rangi ya gari la mtu au ya geti iliyobandikwa juu ya yako, huenda huhitaji dawa kabisa: kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, sugua pole pole, osha kwa sabuni. Tina usiiguse, inakula na rangi yako. Fanya kazi kivulini bodi ikiwa ya baridi, baada ya kuosha vizuri, maana vumbi letu lina mchanga na mchanga chini ya kitambaa ni msasa. Kitambaa kiwe cha maikrofaiba. Fulana kuukuu yenye mishono imeniharibia boneti. Hao vijana wa kuosha magari wanaofuta rimu kisha wanapanda na kitambaa kile kile mpaka juu ya paa, nusu ya mikwaruzo ya mji huu ni yao. Siku hizi naenda na vitambaa vyangu na wananiona nina maringo.

Sasa wauzaji. Bei ya chupa moja nimeambiwa tatu tofauti katika mtaa mmoja, na ya juu kabisa nilitajiwa siku niliyokwenda na funguo ya gari mkononi. Ukidai risiti ya EFD, bei inapanda papo hapo, "hiyo sasa sista tuweke na VAT," kana kwamba ile asilimia 18 ni adhabu yangu binafsi kwa kuwa msumbufu. Na chupa zenye muhuri uliofunguliwa zinauzwa bila haya. Mmoja alinikunjia uso kabisa nilipomwambia nataka kuona karatasi ya chini ya kifuniko. Duka langu la kwanza, la ile elfu 35, nilirudi na kifuniko changu cha tangi na kichupa cha spiriti. Muuzaji akaangalia ule mraba, akaniangalia mimi, akasema hiyo inataka upake kila wiki. Pesa hakurudisha.

Wenye Toyota nyeupe mnaoniuliza kila siku kama gari lenu lina klia: soma kibati cha taarifa za gari, kwenye nguzo ya mlango wa dereva au chini ya boneti, mstari wa C/TR, ndio wenye namba ya rangi. Ukikuta 040 na gari ni la zamani, kuna uwezekano halina klia kabisa, rangi yenyewe ndiyo ya juu. Utajua ukisugua mara ya kwanza, kitambaa kikigeuka cheupe. Usishtuke, endelea, ila punguza mkono, na ukimaliza paka nta.