Pro Football Hall of Fame, Canton Ohio: nendeni mkamuone Marion Motley

Nyota tano, nazitoa zote. Wengi wetu tunaoishi Ohio hili jumba la kumbukumbu ya magwiji wa futiboli ya Marekani tunalipita tu kwenye barabara kuu ya I-77, unaliona lile paa la umbo la mpira unasema aah hayo ya Wamarekani na futiboli yao ya kuvaa helmeti, mi nina Simba na Yanga zangu. Jamani, shukeni. Hata kama hujui sheria hata moja ya ule mchezo, mle ndani kuna habari ya mtu mmoja inayotosha kulipia tiketi yako nzima, mchezaji Marion Motley.

Huyu bwana kazaliwa Georgia 1920, familia ikahamia Canton akiwa bado mdogo, yaani jumba lenyewe liko mjini kwao, lilifunguliwa 1963 pale kwa sababu NFL, ligi kuu ya mchezo huo, ilianzishwa hapo hapo Canton, ndani ya duka la kuuza magari, mwaka ule ule aliozaliwa Motley. Akasoma Canton McKinley, na miaka mitatu aliyocheza pale timu yao ilipoteza mechi 3 tu, zote kwa Massillon, mji wa jirani, na kocha wa Massillon alikuwa Paul Brown. Kwa hiyo Brown alimjua kwa kukabana naye. Wakati wa vita wakakutana timu moja, kambi ya jeshi la majini Great Lakes, na 1946 Brown alipokuwa kocha wa timu mpya ya Cleveland, kwenye AAFC, ligi iliyokuwa ikishindana na NFL, akamchukua yeye na Bill Willis. Mwaka huo huo Rams wa Los Angeles, timu ya NFL, wakawasajili Kenny Washington na Woody Strode. Toka 1934 mpaka 1945 hakuna mtu mweusi hata mmoja aliyecheza NFL, hao wanne ndo walioufungua mlango wa futiboli ya kulipwa, mwaka mmoja kabla Jackie Robinson hajafanya hivyo hivyo kule kwenye besiboli.

Na sio kwamba walipokelewa vizuri. Wapinzani walikuwa wanamkanyaga Motley mikono kwa njumu akiwa chini, refa anaona na hapulizi kitu, na Brown alikuwa ameshawaambia mapema wasirudishe ngumi. Mechi ya Miami 1946 Motley na Willis walibaki Ohio, Florida sheria ilikuwa hairuhusu weupe na weusi kucheza pamoja na vitisho vilikuwa vimeshatumwa. Hapa mimi nilisimama muda mrefu kwa kweli.

Sasa uwanjani. Kwenye huu mchezo timu inapewa nafasi 4 kusogea yadi 10, sasa Oktoba 1950 dhidi ya Pittsburgh Motley alipewa mpira mara 11 akakimbia yadi 188, piga hesabu mwenyewe, ni yadi 17 kila akiushika! Msimu huo akaongoza NFL nzima kwa yadi 810. Lakini ukimpima kwa namba tu unamdhulumu, maana kazi yake kubwa ilikuwa kumlinda Otto Graham, yule anayerusha mpira, kilo zake 105 zinasimama mbele na mtu hapiti. Ule ujanja wao maarufu wa kujifanya unarusha halafu unamkabidhi mkimbiaji ulitokea kwa bahati, Graham kabanwa na mabeki, akamsukumia Motley mpira kwa kukosa pa kwenda, na wale mabeki walikuwa wameshampita Motley wote wanamkimbilia Graham, mbele kukawa kweupe. Brown akaupenda wakaufanyia mazoezi, na leo kila timu inaucheza. Ubingwa Cleveland walichukua miaka minne mfululizo kwenye ligi yao ya AAFC, wakaingia NFL 1950 wakachukua tena mwaka wa kwanza, 30-28 na Rams.

Kinachoniuma ni baada ya hapo. Alitaka ukocha, aliomba, hakupewa, akaishia kufanya kazi posta na sehemu nyingine. Mtu anayeujua mpira vile! Jumba walimuingiza 1968, mchezaji wa pili mweusi baada ya Emlen Tunnell, na alifariki 1999.

Ukifika ukumbi wa sanamu za shaba usikimbilie nyota wa karibuni akina Peyton Manning kwanza. Chumba kina giza kidogo, sura zote zimepangwa kwa mwaka wa kuingia na kila moja ina taa yake, wewe rudi nyuma mpaka 1968, mtafute, halafu mtafute na Willis aliyeingia 1977. Kama una watoto nenda nao, wanaoanza kuuliza maswali ya rangi shuleni hasa, utapata pa kuanzia kuliko kuwahutubia nyumbani. Tengeni nusu siku nzima. Mwanzoni mwa Agosti ndo wanaingiza majina mapya na kuna mechi uwanja wa pembeni pale, mji unajaa, kwa hiyo kama unataka kusoma kila kitu kwa utulivu chagua mwezi mwingine.