Docker au Apptainer kwa hesabu za lava?

Sisi wa Goma tunaopiga hesabu za mtiririko wa lava ya volkano ya Nyiragongo, kama ule wa Mei 2021, kwenye kompyuta kuu ya mbali, tunahitaji kontena, yaani kifurushi kimoja chenye programu na vyote inavyohitaji ili iendeshwe. Docker, programu ya kujenga na kuendesha kontena iliyotoka 2013, ni tamu kwenye laptopu, lakini huduma yake kwa kawaida huendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi mkuu. Mwenye mashine ya watu wengi ataogopa, na ana haki. Apptainer, programu nyingine ya kontena iliyoitwa Singularity hadi 2021, unaiendesha ukiwa mtumiaji wa kawaida. Kontena nzima ni faili moja ya .sif, unaibeba hata kwenye flashi. Naichagua hii. Najenga kwa Docker, nageuza kuwa .sif kwa amri ya apptainer build. Ila hakikisha MPI (njia ya sehemu za programu kuwasiliana zikifanya kazi pamoja) ya ndani ya kontena inapatana na ya kompyuta kuu yenyewe.