Simu inakatika halafu inaomba nyota

Jina la hii apu silitaji, sitaki kuipa tangazo la bure. Ni moja ya hizi za kupigiana kwa intaneti, hulipi kitu zaidi ya bando, nilihamia huko baada ya Skype kufungwa Mei 2025. Skype nayo Microsoft waliinunua 2011 kwa dola bilioni 8.5 wakakaa nayo wee mpaka ikawafia mikononi, ila angalau nilikuwa naweka salio kidogo nampigia mama Tanga kwenye kitochi chake, yeye wala hana haja ya kujua intaneti ni mdudu gani. Hii mpya lazima na yeye awe na simu janja. Haya, tukamnunulia.

Sasa sikieni. Kukatika mimi sina ugomvi nako. Hizi simu sauti inagawanywa vipande vidogo vidogo, mara nyingi kimoja ni kama sehemu ya hamsini ya sekunde, kikichelewa njiani kinatupwa, na mtandao wa jioni kule kwetu tunaujua wenyewe. Kinachoniudhi ni kinachofuata. Simu ikifa tu linaruka liskrini jeupe limeziba kila kitu, "Simu yako ilikuwaje?", na nyota tano chini. Alama ya kufunga hakuna, kurudi nyuma haikubali, na kitufe cha kupiga tena kiko huko huko nyuma ya hizo nyota. Hivi mmenikatia mazungumzo halafu mnaniuliza yalikuwaje?

Juzi juzi mama ananielezea dada kapelekwa hospitali ya Bombo usiku, akafika kwenye "sasa daktari akasema..." kimya. Nyota! Nikabonyeza moja kwa hasira, apu ikaanza kunihoji, shida ilikuwa mwangwi, kelele, au sauti kuchelewa? We mwendawazimu, mgonjwa wangu kasemaje daktari! Napiga mama hapokei, napiga tena hapokei, huku moyo unakwenda mbio, mwisho nikampigia jirani kwa laini ya kawaida, hela ikanitoka hivi hivi naiona. Kumbe mama kaganda kwenye nyota zake. Dada ilikuwa presha tu, ameshapata nafuu. Nikamuuliza sasa mama ukafanyaje na zile nyota? "Nimewawekea zote tano mwanangu, nisije nikawaudhi wakatufungia simu."

Zote tano! Na anasema huwa anaweka tano kila ikikatika. Sasa wale wenye apu wanakaa ofisini wanapongezana jinsi watu wanavyoipenda, kumbe ni mama wa watu anaomba yaishe.

Kuifuta nimeshafikiria. Lakini ikitulia, jamani, sauti ni safi mno, unasikia mpaka ungo unapepetwa na kuku wanafukuzwa uani, Skype kwangu haikuwahi kufika hapo, na siku hizo naongea saa nzima bila kuhesabu salio. Kwa hilo niwe mkweli, nyota tatu wanastahili.

Aah, nimeandika tatu hapo juu na mama kapiga sasa hivi, hata shikamoo haijaitikiwa ikakatika. Moja. Na anayejua kwenye settingi wanazizima wapi hizo nyota aniambie, nimetafuta mpaka macho yanauma.