Miss Marple mwaka mzima: riwaya 12, miezi 12

Desemba nilichora jedwali nyuma ya daftari la hesabu za cherehani: kila mwezi riwaya moja ya Agatha Christie, mwandishi Mwingereza wa hadithi za upelelezi, yenye Miss Marple, bikizee anayefumbua mafumbo ya mauaji. Ziko 12 kamili, ya kwanza ya 1930, ya mwisho ya 1976, kwa hiyo mwaka unajipanga wenyewe. Kurasa kumi kila usiku baada ya isha zilinitosha. Umeme ukikatika, nilifidia Jumapili.

Ninachompendea bikizee huyu ni kwamba hana bastola wala cheo. Anafuma sufu, anasikiliza habari za kijiji chake cha St. Mary Mead, kisha anasema mtu huyu ananikumbusha fulani wa kwetu, na fumbo linaanza kufunguka. Damu ni kidogo, usingizi haupotei. Mimi niliyelelewa na bibi aliyekaa barazani akijua nani kapita, na nani, saa ngapi, nilimwamini tangu kitabu cha kwanza.

Zote hazilingani. At Bertram's Hotel (1965) ilinichosha, nikaimaliza kwa ajili ya jedwali tu. Lakini A Murder Is Announced (1950) niliisoma mara mbili mfululizo, Aprili yote, hata gauni la mteja likachelewa siku mbili.

Nakala zangu ni za mtumba, za Kiingereza. Mwakani ni zamu ya Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla. Mzimu wa Watu wa Kale tayari uko mezani, kando ya mkasi.