Kibao cha namba ya nyumba kwa CNC: uzoefu wangu Keko

Ukitaka kibao cha mbao chenye namba ya nyumba, bishana na fundi kuhusu umbo la tarakimu kabla hujauliza bei. Mashine yenyewe ya CNC, yaani ya kuchonga kwa kuongozwa na kompyuta, haina maneno, inafuata ilichochorewa.

Namba yetu, 86, ilitokana na zoezi la anwani za makazi la 2022, lile lililotangulia sensa. Tatizo ni kwamba bodaboda wakileta mzigo usiku walikuwa wanaipita, halafu wanapiga simu wakiwa mbele kabisa. Nikaenda Keko, Dar es Salaam, kwenye karakana moja inayochonga milango na vitanda kwa CNC.

Kijana wa kompyuta aliniwekea kwanza tarakimu za mapambo, zenye mikia. Nikamwomba tusogee hadi mlangoni tuangalie skrini kwa mbali. Ile 6 mkia wake ulijikunja hadi karibu uguse tumbo, ikawa 8 nyingine. Tukabadilisha: 6 iliyo wazi juu, unene wa mstari mmoja kote, urefu sentimita 10. Hakunikimbiza hata kidogo, na kwa hilo nampa nyota zote.

Mbao ni mninga wa unene wa milimita 25. Kabla ya kuchonga alibana ubao mezani, akapitisha kisu bapa juu yake wote mpaka ukawa sawa. Karakana ikikwambia hatua hii haina haja, ondoka. Tarakimu huchongwa kwa kisu chenye ncha ya V, na kadiri kinavyozama ndivyo mstari unavyopanuka. Kwa ncha ya digrii 90, upande mmoja wa ubao ukiwa juu kwa milimita 1 tu, mstari wa huko unazidi kwa milimita 2. Jicho linaliona hilo hata kama hujui sababu yake. Changu kimetoka vizuri: mstari wa milimita 12, kina cha 6 katikati, na mwishoni mwa mkia wa 6 kisu kimepanda taratibu kikaacha kona kali kama ya patasi. Hata yale macho mawili ya 8, ambayo ndiyo hupenda kumeguka, yamebaki mazima.

Rangi nayo ilipigwa kwa akili. Vanishi kwanza, ikakauka, ndipo rangi nyeupe ikajazwa kwenye mifereji, kisha msasa ukapita juu. Ukipaka rangi kwenye mbao tupu inatambaa kwenye vinyweleo na ukingo wote unachafuka.

Sasa lalamiko. Niliwaambia waziwazi kuwa kibao kitakaa nje, ukuta unaotazama jua la jioni, lakini vanishi ya mwisho waliyopiga ni ya samani za ndani. Masika moja tu, imeanza kubabuka kwenye ukingo wa juu, pale maji yanapotuama. Nilipokirudisha walikubali kupiga upya, ila vanishi ninunue mimi! Nilinunua, kwa kuwa sikuwa na hamu ya kugombana, lakini nyota moja nimewanyang'anya. Skrubu walizonipa pia ni za chuma cha kawaida, ambazo zikilowa zinashusha michirizi ya kutu. Nimeweka za stenlesi.

Nililipa shilingi 45,000, mbao ikiwemo. Kwa kipande kimoja naona si mbaya, maana muda mwingi unaliwa na kuchora na kubana ubao, si kuchonga. Ndiyo maana walisema tukija majirani wawili watatu kwa pamoja, vibao vikachongwa kwenye ubao mmoja, bei inashuka. Jirani yangu wa 88 ameshaomba nimpeleke. Nimemwambia abebe vanishi yake ya nje kabisa, na akatae ile 8 yenye kiuno chembamba.