Ghala Kuu la Harmondsworth: nguzo za mwaloni za 1426, na namna ya kuzitazama

Kaskazini tu ya uwanja wa ndege wa Heathrow, magharibi mwa London, lipo ghala la nafaka lililojengwa 1426 kwa ajili ya shule ya Winchester College, iliyokuwa ikimiliki shamba la hapo. Urefu wake ni mita 58 hivi, upana karibu mita 12, na paa linapanda zaidi ya mita 11. Karibu asilimia 95 ya mbao zake ni zile zile za mwanzo. Kwa anayependa ujenzi wa kale, ni ziara ya lazima.

Anza na upana. Lamu, chumba cha nyumba ya mawe kilikuwa chembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Hapa mafundi walitaka nafasi pana mara nne, na jibu lao lilikuwa safu mbili za nguzo. Uwanda wa kati unabaki wazi kwa mikokoteni, na paa linashuka hadi kwenye mbavu mbili za pembeni. Nguzo zimegawa jengo katika sehemu 12.

Kisha tazama vichwa vya nguzo, na usiwe na haraka. Mwamba (boriti ndefu inayolala juu ya safu ya nguzo), boriti inayokingama na nguzo yenyewe vyote vinakutana mahali pamoja, kwa hiyo kichwa huachwa kinene ili viungo vya ulimi na tundu (ulimi wa mbao moja huingia kwenye tundu la nyingine) vipate nyama ya kutosha. Viungo hufungwa kwa vigingi vya mbao. Katika ufundi huu tundu la kigingi kwenye ulimi hutobolewa likiwa limepishana kidogo na lile la nje. Kigingi kikigongwa, huuvuta ulimi ndani. Mwaloni huchongwa ukiwa mbichi, nao ukikauka husinyaa na kujipinda, kwa hiyo mpasuko unaofuata urefu wa nguzo si dalili ya hatari. Kinachopaswa kutia wasiwasi ni weusi wenye unyevu kwenye miguu ya mapao, yaani mbao za mshazari zinazobeba paa.

Uingereza haina mchwa wa kwetu. Adui ni kuvu, na mbawakawa wanaopenda mwaloni uliolowa. Kigae kimoja kikiteleza, maji hufuata papi (vipande vyembamba vya mbao vinavyoshika vigae) hadi kwenye pao, kisha kwenye mwamba, na kiungo huoza kwa ndani kabla hakijaonekana kwa nje. Chini, nguzo zimekaa juu ya matofali makubwa ya mawe ili zisinywe maji ya ardhini. Hatari nyingine kwa majengo ya namna hii ni fundi wa leo anayeziba nyufa za ukuta wa msingi kwa saruji. Saruji hufungia unyevu ndani, ilhali chokaa huuachia utoke.

Jengo hili lilikaribia kupotea kwa kuachwa tu. Mwaka 2006 liliuzwa kwa pauni 1, likatelekezwa. Mwishoni mwa 2011 English Heritage, taasisi ya kuhifadhi majengo ya kale, ikalinunua kwa pauni 20,000, na baadaye paa likatengenezwa upya. Ununuzi huo ulikuwa uamuzi mwema sana: vigae hubadilishwa, lakini kiungo cha karne ya 15 kikioza hakirudi.

Kasoro kubwa kwa mgeni ni ratiba. Hakuna kiingilio, na wanaojitolea kukupokea wanalijua jengo, lakini kwa kawaida hufunguliwa Jumapili mbili tu kwa mwezi, Aprili hadi Oktoba. Hakikisha tarehe kabla ya kusafiri. Ghala halina madirisha na mwanga huingia kwa milango, kwa hiyo beba tochi yenye nguvu, na darubini ndogo kama unayo. Bila hivyo utaona ukubwa wa jengo, lakini viungo vya juu, ambavyo ndivyo hasa vya kuendea, vitakupita.