Residensi ya wasanii Soomaa, Estonia: nyota nne, ya tano imeliwa na basi

Mnaoniuliza kila nikipita Mkunguni, hapa kwetu Amu (Lamu), ile residensi, yaani nyumba ya kumpa msanii malazi na karakana afanye kazi yake, ilikuwa wapi na ilikuwaje, haya nawaandikia mara moja nipumzike kurudia. Ndio, ilikuwa Estonia, kile kinchi kinachotazamana na Ufini, watu milioni moja na laki tatu hivi nchi nzima, na la, sikukaa Tallinn, nilikaa bara kabisa, kando ya mbuga ya Soomaa, msitu na vinamasi mpaka macho yachoke. Nyumba yenyewe siitaji jina manake nina malalamiko.

Nianze nayo basi. Tangazo lilisema karakana ina vifaa vyote, bwana, nikakuta patasi butu na msumeno wa umeme, hamna kingine, kama hukubeba kisanduku chako imekula kwako. Kulala na karakana ni bure lakini ndege na chakula ni juu yako, na ni yuro ile, hela inayeyuka. Basi la kwenda mjini Viljandi ni asubuhi na jioni, Jumapili usingoje. Wenyewe wanakupa baskeli ambayo breki yake ni kurudisha pedali nyuma, hakuna aliyeniambia, kidogo niingie mtaroni. Intaneti lakini usiseme, msituni huko inakimbia kuliko yetu ya mjini Amu.

Sasa watu. Hawasalimu. Yaani unapishana na mtu njiani nyinyi wawili tu na miti, anatazama mbele anapita zake, na sisi hapa mtu akikupita bila salamu unaanza kujiuliza mumegombana lini. Wiki za mwanzo nilihisi nimechukiwa. Kumbe wanakuona vizuri tu. Kuna mzee jirani alikuwa anakuja anasimama mlangoni mwa karakana ananitazama ninavyochonga, hasemi kitu, saa nzima, halafu anaondoka. Siku moja akaja na jiwe la kunolea, akachukua patasi yangu mkononi, akainoa mwenyewe, akaijaribu makali kwa nywele za mkono, akanirudishia. Hapo tukawa marafiki, na kuongea bado hatujaongea! Mama wa duka naye alishajua mimi nyama ya nguruwe sili, akawa ananiwekea samaki wa moshi chini ya kaunta, na akanifundisha ile mashine ya kurudisha chupa, kila chupa senti 10, nilikuwa napata hela ya mkate hivyo. Mkate wao mweusi, mzito, una uchachu, mwanzo unaukataa baadaye unautafuta.

Huyo mzee ndiye aliyenipeleka kwa fundi wa haabjas, na kwangu safari nzima ilikuwa hapo. Ni mtumbwi wa gogo moja. Kwanza nje wanatoboa vitundu na kupigilia vijiti vya urefu mmoja, halafu unachimba ndani na tezo, ukikutana na kichwa cha kijiti unaacha hapo hapo, ubao umeshafika wembamba wake. Nimechonga milango miaka mingi na akili hiyo sikuwa nayo. Kisha unawashwa moto ubavuni, maji yanamwagwa, mbao inalainika, wanatia fito za kuutanua, fupi kwanza halafu ndefu, na mtumbwi unafunguka mbele ya macho yako, mashallah. Majira ya kuchipua mito ikifurika mashamba yote yanakuwa maji, wenyewe wanaita msimu wa tano, ndio mtumbwi huu ulikuwa unawatembeza nyumba kwa nyumba. Mafundi wamebaki wachache, mwaka 2021 UNESCO wakauweka kwenye orodha ya urithi unaotaka kuokolewa haraka. Nikawaza Matondoni, kijiji chetu cha mafundi wa majahazi, vijana wangapi wanashika tezo siku hizi?

Nilimuonyesha yule fundi picha ya mtepe kwenye simu, jahazi la kushonwa bila msumari hata mmoja. Akaitazama weee, akauliza swali moja tu, kamba ni ya nini. Nikamwambia makumbi ya nazi. Akaomba picha ya mnazi.

Mengine kwa haraka. Sauna nzuri ila wao wanaingia uchi, mimi niliingia na kikoi changu na hakuna aliyenuna. Mwezi wa sita Magharibi inaingia saa nne na nusu usiku, na Isha na Alfajiri zinakaribia kugongana, kwa hiyo ulizia ratiba mapema, na beba kitambaa kizito cha dirisha kwa sababu mapazia yao ni jina tu. Mbao wanayokupa ni laini, inachongeka kama sabuni, ukizoea bambakofi, mbao yetu ngumu, utapitiliza mistari.

Anayefaa kwenda ni mtu wa kazi za mkono asiyeogopa kimya. Wale wa kutaka kukutana na wanunuzi na kupiga picha na mabalozi, msijisumbue. Dawa ya mbu nunua huko huko, mbu wa Soomaa wanawashinda wa kwetu kwa mbali.